Jeni ya kansa kwenye majibu ya mtoto? Maswali yenu kuhusu DCC

Toleo lililopita tuligusia juu juu habari ya vipimo vya jeni, basi meseji zikamiminika, na nyingi zimeangukia jeni moja tu inayoitwa DCC. Mojawapo imetoka kwa mama ambaye hajalala vizuri tangu apate majibu ya mtoto wake, kwa hiyo naanza na yeye, wengine mtanivumilia.

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu wa kiume ana miaka 8. Toka mdogo akishika kitu kwa mkono wa kulia na wa kushoto unafanya vilevile, akiandika unaona vidole vya mkono wa pili navyo vinachezacheza hewani. Mwalimu alikua anamchapa akidhani ni utundu. Mwaka jana mjomba wake anayesoma India alitusaidia akapimwa huko, MRI pamoja na damu, majibu yamekuja eti ana hitilafu kwenye jeni ya DCC. Nikaingia Gugo nikakuta DCC maana yake ni jeni iliyofutika kwenye kansa ya utumbo mpana. Dokta, mwanangu ana kansa? Au ataipata akikua? Baba yake ananiambia nisimwambie mtu. (Mama, Morogoro)

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Naanza na lile unalolisubiri maana najua hutasoma mengine mpaka ulipate: hapana, mwanao hana kansa, na hayo majibu hayasemi kwamba ataipata. Kuna familia zenye hitilafu kama ya kwake ambazo madaktari wamezichunguza vizazi na vizazi, na hazikuonekana kua ni familia za kansa ya utumbo. Jina la hiyo jeni lina stori yake, nitaieleza hapo chini kwa mwanafunzi mmoja wa Eldoret, ila wewe usilale nalo.

Alichonacho mtoto ni ile hali ya mkono mmoja kuiga mwenzake bila mwenyewe kutaka. Watoto wadogo wengi wanayo kidogo, alafu inaisha yenyewe kadri ubongo unavyokomaa, wengi wakifika miaka 7 mpaka 10 huioni tena. Ya mwanao haijaisha kwa sababu chanzo chake ni cha tangu tumboni.

Iko hivi. Neva zinazotoka ubongoni kwenda kuendesha mikono zinavuka upande. Za nusu ya kushoto ya ubongo zinavukia kulia, za kulia zinavukia kushoto, na sehemu zinapovuka ni pale chini kabisa ya ubongo kabla hazijaingia kwenye uti wa mgongo, ndo maana mtu akipata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo anapooza mkono wa kulia. Sasa huko kuvuka hakuji kwa bahati. Mtoto akiwa bado anaumbika kila neva inarefuka ikitanguliza ncha yake, na ile ncha inapapasa njia nzima, inavutwa huku inafukuzwa kule, na juu ya utando wake zimekaa protini zinazopokea taarifa za njiani. Hizo ndo tunaziita vipokezi. DCC ni kimojawapo. Kinachokamatwa na DCC ni protini nyingine inaitwa netrini-1, ambayo imemwagwa sehemu zile ambazo neva inatakiwa ipite au ielekee, na DCC ikishaikamata, ndani ya ncha kunapangika upya na neva inaelekea huko.

Mwanao kama sisi wote ana nakala mbili za hiyo jeni, moja ya baba moja ya mama, ila yake moja ni nzima na moja ni mbovu. Nusu ya vipokezi haitoshi, kwa hiyo neva nyingine zimevuka na nyingine zimebaki upande uleule, matokeo yake amri moja ikitoka ubongoni inafika mikono yote miwili. Hili la DCC na mikono lilitangazwa mwaka 2010 na watafiti wa Montreal, Kanada, wakiongozwa na kina Guy Rouleau, baada ya kuchunguza familia ya Quebec yenye watu wengi wa namna hiyo na nyingine ya Iran. Kwa hiyo wala si jambo la mwanao peke yake wala si la ukoo wenu.

Kuhusu ukoo, maana nimeona hilo la baba yake kutaka siri. Hitilafu hii inaweza kua imetoka kwake au kwako, na aliyeibeba anaweza asiwe na dalili yoyote, wapo wengi hivyo, au inaweza kua imeanzia kwa mtoto mwenyewe. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Mtoto akija kuoa, kila mtoto wake atakua na nusu kwa nusu ya kurithi ile nakala mbovu, na hata akirithi si lazima mikono ifanye hivyo.

Nenda na ile ripoti ya MRI kwa daktari wa neva akuangalizie kitu kimoja: lile fungu kubwa la neva linalounganisha nusu mbili za ubongo, lipo au halipo? DCC hiyohiyo ndo inasaidia kuliunda, na baadhi ya watu wenye hitilafu ya nakala moja wanazaliwa bila hilo fungu. Mwaka 2017 ilionekana kwamba hata hao, kama tatizo ni hilo tu, wengi wanakua na akili za kawaida na maisha ya kawaida. Kuna hali nzito kweli, ambayo nakala zote mbili ni mbovu, macho hayawezi kutazama pembeni, uti wa mgongo unapinda na kujifunza kunakua shida kubwa, ila hiyo ni nadra sana na mtoto uliyenieleza siye huyo.

Cha kufanya sasa. Hakuna kidonge cha kurudisha neva zilikotakiwa kupita, anayekuuzia usimpe hela yako. Hali yenyewe haizidi kadri miaka inavyoenda. Shida zake ni za kila siku, mkono unachoka na kuuma akiandika muda mrefu, kufunga vifungo, kukata kitu kwa kisu huku mkono wa pili umeshika kitu kingine, kupanda ngazi. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo anaweza kumfundisha mbinu za kuutuliza mkono wa pili. Na shuleni nenda na hayo majibu, mwambie mwalimu mkuu kwamba mtoto anahitaji muda wa ziada kwenye mitihani. Kuhusu kuchapwa, huyo mwalimu hata amchape mpaka fimbo ivunjike, kiboko hakivushi neva. Hilo la siri ya baba siwezi kuliunga mkono, maana kutojua kwa mwalimu ndo kulikomfanya mtoto achapwe.

SWALI: Sasa daktari. Niko campo hapa Eldoret mwaka wa pili, nasomea baiolojia. Lekchara mmoja alituambia DCC ni jeni ya kuzuia kansa. Wiki iliyofuata mwingine akasema ni kipokezi cha kuongoza neva, mambo ya kansa ni historia. Wote wanaongea wakiwa sure kabisa. Nani anatubeba ufala? Na kwa mtihani niandike gani? (Mwanafunzi, Eldoret)

JIBU: Poa sana mdogo wangu. Hakuna anayewabeba, kila mmoja amesoma sura yake ya kitabu akafunga.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kule Johns Hopkins, Baltimore, timu ya Bert Vogelstein ilikua inakusanya uvimbe wa utumbo mpana wa kila hatua, kuanzia kinyama kidogo kisicho na madhara mpaka kansa kamili, inalinganisha kromosomu, yaani zile nyuzi zinazobeba jeni, zinapoteza nini njiani. Wakaona vipande vilevile vinapotea tena na tena, kwenye kromosomu ya 5, ya 17 na ya 18. Ile ya 17 ikawapa p53, jeni maarufu ya kuzuia kansa, mwaka 1989, na ukisoma baiolojia p53 huwezi kuikwepa. Basi wakahamia mkono mrefu (yaani upande mrefu) wa kromosomu ya 18, ambao unapotea kwenye zaidi ya 70% ya kansa za utumbo mpana, wakachimba hapo, na mwaka 1990 Eric Fearon na wenzake wakatangaza jeni waliyoikuta kwenye jarida la Science. Wakaipa jina la mahali walipoikuta imekosekana. Kazi yake hawakuijua. Waliona tu kwamba umbo la protini yake linafanana na zile protini zinazoshikanisha seli za neva, wakaliandika hilo, na hapo ndo kidokezo kilikua kimekaa wazi mbele ya macho ya watu.

Upande mwingine wa Marekani, San Francisco, walikuepo watu wasio na habari na kansa kabisa. Swali lao lilikua la zamani, Santiago Ramón y Cajal wa Hispania alishalisema karne ya 19 inaisha: kwamba zile ncha za neva lazima zinavutwa na kemikali fulani. Kemikali ipi? Kwenye maabara ya Marc Tessier-Lavigne, Tito Serafini na Timothy Kennedy walitoa ubongo wa vifaranga ambavyo bado viko ndani ya yai, takriban 25,000 (ukiona mtu analalamika praktiko ni ndefu mwambie hilo), wakasaga na kuchuja mpaka wakabaki na protini yenyewe. 1994 hiyo, ndo netrini. Wakiangalia mpangilio wake wakakuta inafanana na ya mnyoo mdogo wa maabara, jeni inaitwa unc-6, ambayo ikiharibika mnyoo anakwenda ovyoovyo kwa sababu neva zake zimepotea njia. Mnyoo huyohuyo ana jeni nyingine, unc-40, nayo ikiharibika ni ovyo hivyohivyo. Mwaka 1996 vipande vikakutana: kipokezi cha netrini ni DCC, na unc-40 ya mnyoo ni ndugu yake DCC, na inzi naye ana ya kwake. Kitu kimoja kutoka mnyoo hadi binadamu.

Sasa upande wa kansa ndo ukaanza kuyumba. Mwaka huohuo 1996 palepale karibu kwenye kromosomu ya 18 ikapatikana jeni nyingine, SMAD4, ambayo yenyewe ushahidi wake wa kansa ulikua mzito, na watu wakasema basi labda SMAD4 ndo mwenye kesi na DCC ilipotea tu kwa kua jirani. Alafu 1997 wakatengenezwa panya wasio na DCC kabisa. Walizaliwa wakafa muda mfupi baadae, lile fungu la kuunganisha nusu za ubongo halikuwepo, neva za uti wa mgongo zimeshindwa kuvuka. Na wale wenye nakala moja, ambao ndo walitegemewa waote uvimbe? Hawakuota zaidi ya wenzao. Lekchara wako wa pili nadhani alisimama hapo.

Ila mwaka 1998 Mfaransa Patrick Mehlen na wenzake walitoa jambo ambalo kwa kweli mimi ndo linanifurahisha kuliko yote kwenye stori hii. Sisi tumezoea kwamba kipokezi kisipopata kitu chake kinakaa kimya tu. DCC haikai kimya. Isipopata netrini, protini za ndani ya seli zinazoitwa kaspasi zinaikata sehemu yake ya ndani, na kile kipande kilichofichuka kinaanzisha mlolongo wa seli kujiua. Fikiria nyumba yenye LUKU. Netrini ni zile token. Unaingiza token taa zinawaka, token zikiisha umeme unakata na hakuna wa kubishana naye, nyumba haiwezi kuendelea kula umeme ambao haijapewa. Seli yenye DCC inaishi pale tu ambapo netrini ipo, ikijipeleka sehemu isiyokua na netrini, au zikizidi idadi kuliko netrini iliyopo, inajizima. Kwenye utumbo hilo lina maana kubwa maana ngozi ya ndani ya utumbo inajibadilisha yote kila baada ya siku 4 au 5 hivi, seli zinazaliwa chini kwenye vishimo ambako netrini ni nyingi, zinapanda juu ambako ni chache, zinakufa na kudondoka.

Sasa ukiwa seli ya kansa unayetaka kuishi pasipo ruhusa una njia mbili. Ya kwanza chomoa mita, yaani ipoteze DCC, ambacho ndo kile Vogelstein alichokiona bila kujua anaona nini. Ya pili jitengenezee token zako mwenyewe, yaani mwaga netrini kupita kiasi, na kuna kansa nyingi zinafanya hivyo, za titi na za mapafu zimo. Mwaka 2004 panya waliolazimishwa kutoa netrini nyingi utumboni seli zao zilikua hazifi inavyotakiwa, na uvimbe ukatokea. Alafu mwanzoni mwa 2012 ndo ukaja ushahidi ule wa kufunga mjadala kidogo, walitengeneza panya ambao DCC yao imebadilishwa sehemu moja tu, pale kaspasi inapokata, kwa hiyo kuua seli haiwezi tena ila kuongoza neva inaongoza kama kawaida. Panya wakazaliwa wazima, na wakawa na uvimbe wa utumbo zaidi. Wakati huohuo timu ya Anton Berns, Amsterdam, ikaonyesha kwamba panya wenye kansa ya titi isiyo na p53, ukiwaondolea na DCC kansa inasambaa zaidi mwilini.

Kwa hiyo kwenye mtihani andika zote mbili, kipokezi cha netrini kinachoongoza neva, na kipokezi tegemezi kinachoua seli kikikosa netrini, na usisahau kuitaja SMAD4 maana bado kwenye kromosomu ya 18 yeye ndo mwenye mutesheni nyingi, mutesheni ndogondogo za DCC kwenye kansa ya utumbo si nyingi, mara nyingi inapotea kipande kizima au inazimwa tu.

Nyongeza mbili kwa kua we ni mwanafunzi. Vitabu vingi bado vinachora netrini ikitoka kwenye sakafu ya uti wa mgongo na kusambaa kuvuta neva kutoka mbali. Mwaka 2017 timu mbili, moja ya Paris na moja ya Los Angeles, waliiondoa netrini kwenye ile sakafu peke yake, na neva nyingi zikavuka tu bila shida. Ile iliyokua inahitajika zaidi ni netrini inayotolewa na seli changa zilizo kandokando ya njia, na ikabaki palepale neva zinapopita. Na la pili, usije ukalisikia nje ukadhani nimekuficha: huyo Tessier-Lavigne alikuja kua rais wa chuo kikuu cha Stanford, na mwaka 2023 akajiuzulu baada ya jopo kukuta data zilizochezewa kwenye baadhi ya makala za maabara zake, jopo halikusema aliyechezea ni yeye, ila alishindwa kurekebisha alipotakiwa. Tatu kati ya makala zilizoondolewa zilikua zinahusu vipokezi hivihivi, jinsi DCC inavyoshirikiana na wenzake. Je msingi umeanguka? Hapana, kwa sababu mnyoo, inzi, panya na zile familia za Quebec na Iran wanasema kitu kilekile, na wengi wao walichunguzwa na timu nyingine.

SWALI: Dokta mimi nina mjomba anatumia mkono wa kushoto kwa kila kitu mpaka kula. Inaweza kua DCC? (Msomaji, Singida)

JIBU: Hapana kaka. Mkono wa kushoto ni mkono wa kushoto. Mwacheni mjomba ale.

SWALI: Habari daktari. Baba yangu alipatikana na saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 47, akatuacha miaka miwili baadaye. Mimi sasa nina 38. Nimesikia kuna jeni ya DCC inahusika, nataka kupimwa mapema kabla mambo hayajaharibika. Naipata wapi na gharama yake ni ngapi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Pole kwa kumpoteza mzee. Hela yako iweke kwanza, hicho kipimo hukihitaji. DCC kwenye saratani ya utumbo inapotea ndani ya seli za ule uvimbe wenyewe, njiani, mtu akiwa mtu mzima. Hukuzaliwa ukiwa umeikosa, kwa hiyo damu yako tukiipima tutaikuta ipo nzima, alafu utaenda nyumbani ukiwa na furaha isiyo na maana yoyote. Hata hospitali kubwa za Ulaya na Marekani hazipimi DCC kumwambia mtu kama atapata saratani.

Zinazorithiwa ni nyingine. Ipo APC, ambayo ikiharibika mtu anaota mamia ya vinyama utumboni tangu kijana, na lipo kundi la jeni za kusahihisha makosa ya DNA, zile za ugonjwa wa Lynch, ambao unaleta saratani ya utumbo na ya mji wa mimba kwa watu wa umri mdogo. Miaka 47 ni mapema, kwa hiyo hili la Lynch linafaa kuulizwa. Waulize wazee upande wa baba, kuna shangazi aliyekua na saratani ya mji wa mimba? Kuna ami aliyekufa na "tumbo"? Huku kwetu watu wengi wanakufa na "tumbo" na hakuna aliyeandika ni tumbo gani. Na kama ile sampuli ya uvimbe wa mzee bado ipo kwenye maabara ya hospitali alikotibiwa, ulizia, maana inaweza kupimwa hata leo, na ni bora kuanza na ya mgonjwa mwenyewe kuliko yako.

Ila kikubwa kwako si damu wala jeni, ni kolonoskopi, ile kamera inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa. Utaratibu unaofuatwa sehemu nyingi ni kwamba mtu ambaye mzazi wake aliugua anaanza kuchunguzwa akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao mzazi aligunduliwa, ipi inatangulia. Toa 10 kwenye 47 ni 37. Wewe una 38. Umeshachelewa kidogo, si sana, usiahirishe tena. Uzuri wake kamera haiishii kuangalia, daktari akikuta kinyama anakitoa palepale kabla hakijafika popote, na safari ya kutoka kinyama hadi saratani kwa kawaida inachukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 10. Siku ya kunywa ile dawa ya kusafisha tumbo kaa karibu na choo, usipange safari ya kuvuka feri.

Na kwa wote mnaosoma hapa mkikuta damu kwenye choo. Nimechoka na hii ya kila damu kua bawasiri. Mabango ya dawa za bawasiri yamejaa kila nguzo, mtu anakunywa mizizi mwaka mzima, anapungua uzito, choo kimebadilika, anaishiwa damu, na bado anaambiwa ni bawasiri sugu. Inawezekana kweli ni bawasiri, wengi ni hiyo. Ila anayeweza kusema ni hiyo ni aliyeangalia ndani, si aliyebandika bango.

SWALI: Assalaam alaykum. Nipo Muscat. Jirani yangu hapa amenitumia habari kwamba Wafaransa wamepata dawa ya kuzuia hiyo netrini na kansa inakufa. Dada yangu ana kansa ya mji wa mimba, imerudi mara ya pili. Ni kweli au ni zile za WhatsApp? (Dada, Muscat)

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu, Mungu amfanyie wepesi mgonjwa. Hii safari WhatsApp imesema kitu cha kweli ila imekivisha nguo kubwa.

Dawa ipo, inaitwa NP137, imetokana na kazi ya Mehlen huyohuyo na watu wake kule Lyon. Ni kingamwili iliyotengenezwa maabara, inaikamata netrini-1 isifike kwenye vipokezi, yaani zile token ambazo kansa inajitengenezea zinazuiwa njiani na seli inabaki na mita isiyo na kitu. Na kansa ya mji wa mimba ndo mojawapo waliyoijaribu kwanza kwa binadamu kwa sababu mara nyingi inatoa netrini nyingi. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2023. Wagonjwa wa kansa hiyo kwenye jaribio walikua 14, wote ilishafika hatua ya mbali. Kwa 8 ugonjwa ulisimama kwa muda, na mmoja uvimbe wake ulipungua zaidi ya nusu. Kingine walichoona kwenye vipande vya uvimbe ni kwamba seli zilipunguza ile tabia ya kujibadilisha na kuhama, ambayo ndo inayofanya kansa isambae na isisikie dawa nyingine, kwa hiyo wazo lao sasa ni kuitoa pamoja na kemotherapi badala ya peke yake.

Watu 14 dada. Ni jaribio la hatua ya kwanza, ambalo hasa lengo lake ni kuangalia kama dawa ni salama. Huwezi kuinunua duka lolote la dawa, si Muscat wala kwingine, na anayesema anayo anakuibia. Muulize daktari wa dada yako mambo mawili: je uvimbe wake umepimwa zile jeni za kusahihisha makosa ya DNA, kwa sababu kama zimeharibika zipo dawa za kuamsha kinga ya mwili ambazo zimeshaidhinishwa na kwa kansa ya mji wa mimba zinasaidia kweli baadhi ya wagonjwa. La pili, kama kuna jaribio la dawa linalopokea wagonjwa ambalo yeye anaweza kuingia. Na kama hizo jeni zitakutwa zina kasoro, basi na wewe na ndugu zako mna la kufuatilia, rudi usome nilichomjibu wa Mombasa kuhusu Lynch.

SWALI: Daktari nimesoma netrini inajenga neva na ubongo. Ni vyakula gani vinaongeza netrini mwilini? Nataka kumpa mama yangu anayesahausahau. Kuna mtu huku anauza unga wake. (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Hakuna. Netrini ni protini, ukiila tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya samaki, haifiki kwenye ubongo wa mama ikiwa netrini. Neva za mama zilishapita njia zake kabla hajazaliwa. Na hata kama huo unga ungefanya kazi, soma tena hapo juu kansa inaishi kwa kutumia nini, alafu jiulize kama kweli unataka kumuongezea mzee. Kusahau kwake mpeleke apimwe presha, sukari, tezi ya shingo na vitamini B12, vingine kati ya hivyo vinatibika, na mwende na orodha ya dawa zote anazomeza. Huyo wa unga mwambie mwenzako ameshauliza gazetini.